Mpasuko wa meniskasi, goti limejifunga: kushona au kukata?

Beki wa Pembeni

Habari za leo wakuu. Naleta suala la mchezaji wa timu yetu ya mtaa, winga, miaka 24, kilo 71. Goti la kulia lilipinda mguu ukiwa umeganda chini na mwili umeshageuka. Sasa ni wiki ya tano. Goti halinyooki mpaka mwisho, linabakiza kama digrii 20, na likilazimishwa linagota kana kwamba kuna kitu kimebanwa katikati. Kukunja linakunja, ila kwa maumivu upande wa ndani.

MRI imesomwa hivi: meniskasi ya ndani (kile kimto cha gegedu kilicho kati ya mfupa wa paja na muundi) imechanika kwa urefu kutoka pembe ya nyuma hadi sehemu ya kati, kipande kimehamia katikati ya goti, aina ya mpini wa ndoo. ACL (ligamenti ya mbele inayovuka katikati ya goti) nzima, ligamenti nyingine nzima, gegedu la mifupa halina kasoro.

Maoni ni mawili. Daktari mmoja anasema wakate kipande, wiki ya sita yuko uwanjani. Mwingine anasema washone, akae nje miezi sita, na hata hapo hakuna uhakika kamili kwamba itashika. Uongozi wa timu unapenda la kwanza, na sababu zao mnazijua. Wenye ujuzi naomba mtueleze: kipi hasa kinaamua? Kwenye kila njia, ndani ya chumba cha upasuaji kinafanyika nini? Na tuulize nini kabla ya kusaini fomu?

DktGoti

Mkuu, nianze na hili: goti lililojifunga halisubiri. Kipande kilichohama kinasagwa kila siku kati ya mfupa wa paja na muundi, kinajikunja, kinavimba, kinapoteza umbo, mwisho kinakataa kurudi mahali pake. Wiki tano bado si mbaya, yapo yanayoshonwa baada ya muda mrefu zaidi yakashika, lakini kila wiki inayopita inamsogeza kijana upande wa kukatwa. Kwa sasa atumie magongo, asilazimishe goti kunyooka, asipelekwe kukandwa. Misuli ya mbele ya paja aikaze akiwa amelala, goti likiwa pale linapofikia.

Tuje kwenye kinachoamua. Meniskasi ya mtu mzima inapata damu kwenye ukingo wa nje tu, takriban asilimia 10 hadi 30 ya upana wake. Mpasuko ulio ndani ya milimita 3 kutoka kwenye kifuko cha goti uko kwenye damu na una nafasi nzuri ya kupona. Kati ya milimita 3 na 5 ni mpakani. Ukienda ndani zaidi hakuna damu, uzi utashikilia kwa muda lakini nyama haitaungana. Mpini wa ndoo mara nyingi huchanika karibu na ukingo, na umefuata urefu wa nyuzinyuzi za meniskasi badala ya kuzikata, ndiyo maana ni katika mipasuko inayostahili kushonwa kuliko yote. Umri wa miaka 24, gegedu safi na ACL nzima vyote vinavuta upande huohuo.

Kwa nini tunahangaika hivyo kuiokoa? Goti likiwa limenyooka, meniskasi mbili hubeba karibu nusu ya uzito unaopita hapo. Likikunjwa digrii 90 hubeba kama asilimia 85. Ukiondoa mpini mzima wa mchezaji huyu, unaondoa sehemu kubwa ya upana wa meniskasi ya ndani, na uzito uleule unaanza kutua kwenye eneo dogo la gegedu. Thomas Fairbank alishaonyesha mwaka 1948, kwa picha za eksirei, jinsi goti linavyobadilika baada ya meniskasi kutolewa yote: nafasi ya kiungo inapungua, ukingo wa mfupa unaota kigongo, ncha ya chini ya mfupa wa paja inalala bapa. Pamoja na hayo, kwa miongo kadhaa baadaye watu waliendelea kuing'oa nzima kana kwamba ni takataka.

Kushona kwenyewe kunakwenda hivi. Ganzi ya mgongo au usingizi kamili, sefazolini (dawa ya kuzuia maambukizi) gramu 2 ndani ya saa moja kabla ya kisu, mkanda wa kubana damu kwenye paja. Matundu mawili mbele, kila upande wa kano ya pia ya goti. Moja la kamera ya milimita 4 yenye jicho la digrii 30, jingine la vifaa. Mpini unarudishwa kwa kijiti chenye ncha ya ndoano, goti likiwa limekunjwa kidogo na mguu umesukumwa kwenda nje ili upande wa ndani ufunguke. Ukirudi na kutulia, tunapima umbali wa mpasuko kutoka ukingoni na kuangalia kama kipande bado ni kizima au kimekuwa nyuzinyuzi. Hapo ndipo uamuzi wa mwisho unapofanyika. MRI inatabiri vizuri, ila haina mamlaka ya mwisho.

Kisha kuta zote mbili za mpasuko zinaparuzwa kwa tupa ndogo mpaka zichubuke. Hatua hii inachukua dakika chache na wanaoharakisha huiruka, nayo ndiyo inayoamsha uponaji. Halafu nyuzi: pembe ya nyuma mara nyingi kwa vifaa vinavyoshona kutokea ndani, sehemu ya kati kwa sindano ndefu zinazotoka ndani kwenda nje, pembe ya mbele, kama imefikiwa, kwa sindano zinazotoka nje kwenda ndani. Uzi ni namba 2-0 usioyeyuka, mshono wa wima, mmoja kila milimita 3 hadi 5, ikiwezekana juu na chini ya meniskasi ili isijikunje upande mmoja. Mpini mrefu unaweza kula nyuzi sita au zaidi. Kwa kuwa ACL haifanyiwi kazi, hakutakuwa na damu ya uboho inayomwagika ndani ya goti kama inavyokuwa mfupa unapotobolewa kwa ajili ya ACL, na damu hiyo husaidia meniskasi kushika. Kwa hiyo mwishoni tunatoboa vitundu vichache kwenye mfupa wa paja, katikati ya goti, ili uboho uvuje kidogo.

Kukata ni kwepesi zaidi. Shina la nyuma la mpini linakatwa karibu lote, linaachwa uzi mwembamba tu. Ndipo la mbele linakatwa, kipande kinashikwa kwa koleo, kinazungushwa na kuvutwa nje. Ukianza na la mbele, kipande kinarukia nyuma ya goti na utakitafuta mpaka umechoka. Kinachobaki kinalainishwa ili kusiwe na mdomo unaonasa, na ukingo wenye damu unaachwa.

Ya hatari. Upande wa ndani kuna neva ya safena. Ikivutwa au kufungwa na uzi, mgonjwa anabaki na ganzi au mwasho upande wa ndani wa mguu. Meniskasi ya nje ina majirani wakali zaidi: neva ya peroneali, ambayo ikiumia mguu hauinuki kwenye kifundo, na mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti. Maambukizi ni chini ya asilimia moja, lakini yakitokea ni dharura. Na kuhusu kushika, mwambieni kijana ukweli: kati ya wanne hadi watano wanaoshonwa, mmoja hivi hurudi kufanyiwa upasuaji tena ndani ya miaka mitano. Akirudi, atakatwa kile ambacho angekatwa leo, wakati mwingine kidogo kuliko leo.

Fomu ya ridhaa iandikwe yote mawili: kushona kama inashoneka, kukata sehemu kama haishoneki. Fomu iliyoandikwa kukata peke yake inampa daktari ruhusa ya kukata hata meniskasi nzuri.

nesi_thieta

Dokta amemaliza upande wake. Mimi niongeze la mezani, kwa sababu meniskasi nyingi zinakatwa kwa kuwa asubuhi hiyo hakuna kitu cha kushonea, wala si kwa sababu hazishoneki.

Mkienda kuonana na daktari, ulizeni kwa majina. Sindano ndefu za kushonea meniskasi zenye uzi 2-0 ncha zote mbili, zipo? Mirija yake iliyopinda ya kuelekezea, ya kulia na ya kushoto, ipo? Vifaa vya kushona kutokea ndani, vimeagizwa vingapi? Kila kimoja ni mshono mmoja, kikikwama kinatupwa, na kwa mpini wa ndoo ukiagiza viwili umejidanganya. Njia ya ndani kwenda nje haina makuu kwa gharama, ila inataka msaidizi wa pili na mkato wa sentimita 3 hadi 4 nyuma ya upande wa ndani wa goti, na kifaa cha umbo la kijiko kinachokaa mbele ya msuli wa kigimbi kupokea sindano. Bila hicho kijiko sindano inatoka inakotaka yenyewe.

Vifaa vya kutokea ndani vina kasoro zake. Kina cha sindano kinapimwa kwanza, kisha kizuizi kinawekwa, mara nyingi kati ya milimita 14 na 18. Kikiwekwa kifupi, nanga inabaki ndani ya meniskasi na kuchomoka wiki zijazo, ikianza kukwaruza gegedu. Kikiwekwa kirefu, mnaingia kwenye nyama ya nyuma, na kwa meniskasi ya nje huko ndiko kuna mshipa mkubwa. Kosa jingine ni kukaza fundo kupita kiasi: uzi unakata meniskasi kama waya unavyokata jibini.

Vijana wenye magoti magumu, upande wa ndani haufunguki, na vifaa vinachubua gegedu zima bila sababu. Hapo daktari mzoefu anadunga ligamenti ya ndani mara kadhaa kwa sindano ya kawaida ya geji 18 huku msaidizi akisukuma mguu nje. Inalegea kidogo, nafasi inapatikana, na ligamenti inapona yenyewe. Ulizeni pia muda wa mkanda wa paja: usizidi saa mbili, na mpini wa kushona kwa mkono usio mzoefu unaweza kufika huko. Maji ya chumvi tunayaandaa mifuko ya lita 3, si mmoja.

Kuhusu pesa, dai ankara iliyochambuliwa: ada ya chumba, ya daktari, ya ganzi, na vifaa vya kupandikiza kimoja kimoja kwa idadi. Bima nyingi zinaidhinisha upasuaji wenyewe na kuachia vifaa vya kushonea mfukoni mwa mgonjwa, na taarifa hiyo hufika ukiwa umeshavaa gauni. Kibali kiombwe kwa kutaja kushona kwa meniskasi, na idadi ya vifaa.

Mchunguzi

Nawaheshimu wataalamu, ila mbona hakuna aliyetaja majaribio ya vijana? DREAM ya Denmark, 2022, wagonjwa 121 wa miaka 18 hadi 40: upasuaji wa mapema dhidi ya mazoezi na elimu, baada ya mwaka hakukuwa na tofauti ya maana, na karibu robo tu ya kundi la mazoezi ndio waliokwenda kupasuliwa. STAR ya Uholanzi, mwaka uleule, wagonjwa 100 wenye mpasuko wa ajali, jibu linafanana. Kwa nini kijana asianze na fiziotherapia miezi mitatu?

DktGoti

Swali halali, na kwa mipasuko mingi ya vijana ningekubaliana nawe. Mpasuko mdogo usiohama, goti linalonyooka na kukunja, maumivu yanayopungua: fiziotherapia kwanza bila aibu. Lakini angalia nani aliyeingia kwenye majaribio hayo. DREAM iliwaondoa wenye mpini wa ndoo uliohama wanaohitaji upasuaji wa haraka. Huyu winga asingeruhusiwa kujiunga. Goti lenye kizuizi cha kimwili katikati haliwezi kufunzwa kunyooka. Ukilazimisha unasaga kipande na gegedu kwa pamoja. Miezi mitatu ya kusubiri hapa ni miezi mitatu ya kuharibu kitu kinachoshoneka.

MwanaFizio

Ya baada ya upasuaji, maana hapa ndipo mishono mingi mizuri inapoharibiwa.

Akikatwa: anakanyaga siku ileile, magongo siku tatu hadi wiki, kazi ya mezani ndani ya wiki moja au mbili, mbio nyepesi karibu wiki ya nne kama goti halijai maji, mpira wiki ya sita hadi ya nane. Kama goti linajaa kila baada ya mazoezi, kalenda isimame. Kwa meniskasi ya nje mwe waangalifu zaidi, kuna wachezaji ambao gegedu lao linalika kwa miezi michache tu baada ya kukatwa upande huo.

Akishonwa, kwa mpasuko wa urefu kama huu, hali ni hii. Brasi ndefu (kifaa cha kushikilia goti) imefungwa kwenye digrii sifuri wakati wa kutembea na kulala, wiki nne hadi sita. Ndani ya brasi iliyonyooka anaweza kukanyaga, akianza kidogo kwa magongo mawili, kwa sababu uzito ukishuka wima kwenye goti lililonyooka unazibana kuta za mpasuko pamoja. Kinachofungua mshono ni uzito na mkunjo kwa wakati mmoja. Brasi inafunguliwa akiwa amekaa au amelala, na anakunja sifuri hadi 90 bila uzito. Zaidi ya 90 hapana mpaka wiki ya sita. (Mpasuko unaokata upana na ule wa mzizi, pale meniskasi inaposhikamana na mfupa, una sheria nyingine: wiki sita bila kukanyaga kabisa. Msichanganye karatasi za mazoezi mnazozipata mitandaoni.)

Kazi ya wiki mbili za kwanza ni tatu: kunyooka hadi sifuri, kuamsha misuli ya mbele ya paja, kuondoa maji. Taulo iliyokunjwa inawekwa chini ya kisigino, kamwe si chini ya goti, dakika 10, mara nne au tano kwa siku. Chini ya goti inastarehesha, lakini inatengeneza goti lililokunjika, na huyu tayari ana wiki tano za kutonyooka, kifuko cha nyuma kimeshaanza kukaza. Kukaza paja sekunde 5, mara 10, kila saa aliyo macho. Kuinua mguu ulionyooka hakuanzi mpaka aweze kuuinua bila goti kulegea hata kidogo.

Wengi wanakosea kwenye misuli ya nyuma ya paja. Inashikamana na pembe ya nyuma ya meniskasi ya ndani, inaivuta kila inapokaza. Kwa hiyo hakuna kukunja goti dhidi ya mpira wa mazoezi au mashine mpaka wiki ya nane. Nimewaona wanaoweka mashine ya misuli ya nyuma wiki ya tatu. Ni sawa na kuvuta uzi kwa mkono.

Wiki ya sita brasi inatoka, baiskeli ya mazoezi inaanza pindi mkunjo ukifika 110 hivi, kiti kikiwa juu. Kuchuchumaa na uzito kunaishia digrii 90 mpaka miezi minne itimie. Kukimbia mstari ulionyooka mwezi wa nne, kwa sharti: goti kavu, mkunjo kamili, paja la mguu huo lifikie angalau asilimia 80 ya nguvu ya mwenzake. Mpira wenyewe mwezi wa tano hadi wa sita, nguvu asilimia 90 na majaribio ya kuruka kwa mguu mmoja asilimia 90. Tarehe peke yake haimrudishi mtu uwanjani.

Kuna mtego wa wiki ya nne hadi ya nane. Maumivu yamekwisha, anatembea vizuri, kocha anamwona anacheka pembeni ya uwanja. Mshono wakati huo ndio unaobeba kila kitu, nyama bado changa. Akisikia tena kunasa, maumivu kwenye mstari wa kiungo, au goti kujaa baada ya kuwa kavu, arudi kwa daktari. Na MRI baada ya kushonwa isomwe na anayejua kwamba imeshonwa: alama nyeupe ya mpasuko wa zamani inaweza kubaki miaka hata kama umepona, na msomaji asiyeambiwa ataandika "imepasuka" bila kusita.

Kwa siku 10 za mwanzo angalieni kigimbi. Kikivimba upande mmoja na kuuma kikiminywa, au akikosa pumzi ghafla, ni hospitali usiku huohuo: damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa. Homa na goti la moto linaloshindwa kukunjwa hata kidogo nayo ni hospitali, si paracetamol.

Beki wa Pembeni

Nimeelewa, nashukuru sana wote. Uongozi unauliza moja la mwisho: hakuna wachezaji wakubwa waliochagua kukatwa wakacheza miaka?

DktGoti

Wapo wengi, na wapo wa pande zote mbili. Mfano ulio wazi ni Derrick Rose, aliyekuwa Chicago Bulls, timu ya kikapu ya Marekani: Novemba 2013 meniskasi ya ndani ya goti la kulia ilipasuka, ikashonwa, msimu ukaishia hapo. Februari 2015 ikapasuka tena, safari hii wakakata, na akarudi kucheza msimu uleule. Tofauti ya muda ndiyo hiyo mnayoizungumzia. Kwa upande wa pili yupo Lonzo Ball, naye wa kikapu, ambaye goti lake lilifikia kupandikizwa meniskasi ya mfadhili mwaka 2023, pamoja na gegedu, na hakugusa mpira wa mashindano mpaka Oktoba 2024. Upandikizaji huo wapo wanaoufanya tangu 1984, ila unahitaji benki ya tishu, kipande cha ukubwa unaolingana na goti, mguu usio na matege na gegedu ambalo bado zima. Usiwe mpango wa akiba wa klabu. Kijana wa miaka 24 anayekatwa mpini mzima atacheza, labda miaka mingi. Swali ambalo uongozi haulipi gharama yake ni goti litakuwaje akiwa na 45.

Binti Tanga

Samahanini, nadandia uzi. Mama ana miaka 57, kilo 84, urefu sentimita 160. Wiki tatu zilizopita alishuka ngazi akasikia "paa" nyuma ya goti, tangu hapo hakanyagi vizuri. MRI: meniskasi ya ndani imechakaa, mzizi wa nyuma umekatika, imetokeza nje milimita 4, mfupa umevimba kwa ndani. Kashauriwa "kusafisha goti" kwa kamera. Tukubali?

DktGoti

Shikamoo zetu zimfikie mama. Dada, majibu yake yana mambo mawili yaliyofungwa pamoja, inabidi tuyatenganishe.

Meniskasi iliyochakaa kwa umri, kuisafisha kwa kamera hakuna faida. Hili limepimwa kuliko karibu upasuaji mwingine wowote wa mifupa. Ufini, mwaka 2013, wagonjwa 146 waligawanywa, nusu wakakatwa kweli, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza, na baada ya mwaka hawakutofautiana. Uholanzi, 2018, wagonjwa 321 wa miaka 45 hadi 70: vipindi 16 vya fiziotherapia kwa wiki nane havikuzidiwa na kisu. Mwongozo wa jarida la BMJ wa mwaka 2017 unapinga waziwazi kamera kwa magoti yanayosagika. Kwa hiyo neno "kusafisha" likitajwa, simama uulize wanasafisha nini.

Ila mzizi uliokatika ni habari nyingine kabisa. Mzizi ndio unaoifunga meniskasi kwenye mfupa. Ukikatika, meniskasi inasukumwa nje na inaacha kubeba uzito, goti linakuwa kama la mtu aliyeng'olewa meniskasi nzima. Mlio nyuma ya goti kwenye ngazi, kutokeza zaidi ya milimita 3 na uvimbe wa mfupa, hiyo ndiyo sura yake. Ukiachwa bila kufungwa huwa unakwenda haraka: kwenye kundi la wagonjwa 52 wa Mayo Clinic lililochapishwa 2017, karibu theluthi walikuwa wameshabadilishiwa goti kufikia wastani wa miezi 30.

Hata hivyo si kila mzizi unafungwa. Kwanza eksirei akiwa amesimama, magoti yote mawili, na moja akiwa amekunja digrii 45, maana ya kulala inaficha kusagika. Kisha eksirei ndefu kutoka nyonga hadi kifundo kupima matege. Gegedu likiwa bado zuri na matege chini ya digrii 5, unafungwa: tundu jembamba linachimbwa kutoka mbele ya muundi hadi pale mzizi ulipokuwa, nyuzi mbili zinapitishwa kwenye pembe ya meniskasi, zinavutwa chini kupitia tundu na kufungwa juu ya kitufe cha chuma. Matege yakizidi, kufunga peke yake kutakatika, unahitajika upasuaji wa kunyoosha muundi. Gegedu likiwa limeshakwisha, msimsumbue na nyuzi. Fiziotherapia, kupunguza uzito, dawa, na baadaye goti bandia. Kwa urefu wake kilo 84 ni nyingi kidogo kwa mshono, kila kilo inayotoka inasaidia njia zote tatu.

Na kama yuko kwenye orodha ya upasuaji, asidungwe steroidi gotini wiki hizi. Inaongeza hatari ya maambukizi.

MwanaFizio

Akifungwa mzizi: wiki sita bila kukanyaga, magongo au kigari cha kutembelea, kisha anaongeza uzito taratibu. Kwa mama zetu tatizo huwa choo na mkeka. Choo cha kuchuchumaa ni marufuku miezi minne. Tafuteni kiti cha chuma chenye tundu kinachosimamishwa juu ya choo, au fundi atoboe kiti cha plastiki kigumu, miguu yake ifungwe mpira isiteleze kwenye sakafu yenye maji. Aswali kwenye kiti, sijida kwa kuinama kichwa. Kigoda cha jikoni kiondolewe kabisa machoni pake, la sivyo atakikalia siku ya kwanza mtakayomwacha peke yake. Kama kupika ni lazima, jiko lipandishwe juu ya meza.

Binti Tanga

Ahsanteni mno. Eksirei ya kusimama hakupigwa, tuliambiwa MRI inatosha. Kesho tunaanza na hiyo.

nesi_thieta

Mkifika mwambieni mpiga picha "amesimama, magoti yote, ya mbele na ya kukunja", iandikwe hivyo kwenye fomu na daktari. Isipoandikwa atalazwa mezani kama kawaida.